Mafuta ya Kulalia

Zamani hizo, kabla upepo wa milimani haujatiwa adabu, watu hawakuujua usingizi. Ninyi mnaolala mpaka mnakoroma, sikilizeni. Upepo ulikuwa na kiu isiyokatika. Giza likiingia ulipenya kwenye kuta za mianzi, ukaramba nyuso za waliolala, na kukicha mashavu yamepasuka, yanatoka damu. Dawa yao ilikuwa maji. Kila mtu alilala na kibuyu ubavuni: akishtuka ananawa, akishtuka tena ananawa. Masikini! Kumbe walikuwa wanamwandalia mgeni kinywaji: maji yaleyale ya usoni ndiyo upepo uliyoyafuata.

Sekela alikuwa na mtoto mchanga, wa kwanza kumbakia hai. Midomo ya mtoto ilipasuka hata kunyonya akashindwa. Akiligusa titi tu, analia, analiachia. Sekela hakutulia. Anakaa, anasimama, anauzunguka moto, anamlowesha mtoto uso, anamtegea sikio kifuani kama bado anapumua. Moyoni alijiambia: huyu naye ataondoka.

“Hebu tulia, mwanamke! Unatuzungusha vichwa,” alifoka mama mkwe wake, Bibi Tukuswiga.

“Nitatuliaje, mama, na mtoto hanyonyi?”

Katika kuzungukazunguka huko akakanyaga ngozi ya ng'ombe waliyokuwa wakilalia. Laini! Akasimama. Upepo ni uleule, mbona ngozi hii haipasuki? Akakumbuka kwamba mama mkwe huipaka samli mara kwa mara isikakamae. Akakimbilia chungu cha samli. Ilikuwa imebaki kidogo tu, chini kabisa.

“We! Mtoto ni ngozi ya kulalia?” Bibi Tukuswiga akapiga ukelele.

Sekela alikuwa ameshakiinamia chungu. Alimnawisha mtoto, na kabla maji hayajakauka akampaka samli mashavu, pua na midomo, mpaka chungu kikawa kitupu. Iliyobaki viganjani akajipangusia kwenye paji la uso, basi.

Upepo ukaja. Ukamramba mtoto, ulimi ukateleza. Ukarudia, ukateleza tena. Kwa hasira ukamgeukia mama, ukamnywa mashavu, ukamchimba mistari pembeni mwa macho. Sekela aliumia, akalia, lakini hakumwachilia mtoto.

Kulipopambazuka midomo ya mtoto ilikuwa imelainika. Akalivamia titi, akanyonya mpaka akapaliwa. Bibi Tukuswiga alimtazama mkwewe usoni, kisha akatoka kwenda kusukasuka maziwa apate samli nyingine.

Na tangu siku hiyo, huko juu hakuna alalaye kabla ya kupaka mafuta usoni, uso ukiwa bado na maji. Mwangalieni mama yeyote jioni. Hata mafuta yawe tele, atawapaka watoto kwanza mpaka wang'ae, halafu yeye atajipangusia viganja tu. Na ile mistari pembeni mwa macho yake, msiicheke. Hapo ndipo upepo ulipokunywa badala yenu.