Mbolea ya Mtemi Shigela na Mvua ya Kwanza

Hadithi iko mlangoni.

Ifungulieni iingie.

Imekuja mikono mitupu?

Imekuja na utamu wake.

Basi sogeeni. Na wewe uliyeegemea ukuta, ukisinzia sitarudia.

Hapo zamani palikuwa na nchi iitwayo Igundu, nchi ya mahindi. Palikuwa na mtemi, jina lake Shigela, mtu mwema, ila wema wake ulikuwa na haraka. Palikuwa na tajiri, jina lake Masunga, mwenye ng'ombe wa plau na mashamba ambayo ukisimama huku huoni kule. Na palikuwa na mjane, jina lake Mbuke, mwenye kishamba kimoja, jembe moja, na watoto wanaokula kama watoto wanavyokula.

Sikilizeni shida ya Mbuke. Kila mwaka njaa ilimkuta kabla ya mvua. Mbegu aliyoiweka, watoto waliila. Mvua ikinyesha, hana cha kupanda. Afanye nini? Anakwenda kwa Masunga kulima kibarua apate mahindi ya kula. Analima la Masunga, anapanda la Masunga, anapalilia la Masunga. Akirudi kwake, msimu umekwisha na shamba limejaa magugu. Mwaka unaofuata njaa ileile, kibarua kilekile. Mbuke alichoka, akaapa kwamba iko siku atalima lake kwanza.

Mtemi alizisikia habari za watu kama Mbuke. Akajaza ghala mbegu na mbolea, akatangaza, "Hizi ni za wakulima wadogo, wanaolima kishamba chao kwa mikono yao wenyewe."

Mwaka wa kwanza akauliza barazani, "Wakulima wadogo ni nani?" Nani aliitika upesi? Masunga na wenzake. Wana sauti, tena wana viti vya mbele. "Ni sisi hapa, Mtemi." Wakabeba. Mbuke akaenda kulima kibarua kwa Masunga.

Mwaka wa pili Mtemi akasema, "Wapewe wenye nguo zilizochanika." Masunga akawaendea majirani. "Ndugu yangu, nipe hilo shuka lako bovu, nikupe kanzu yangu mpya." Nani angekataa? Wewe ungekataa? Mimi ningevua palepale. Siku ya kugawa, matajiri walikuja na matambara, na maskini walikuja wamependeza kama wanakwenda harusini. Walinzi wakawafukuza. "Nyinyi na nguo nzuri hivyo mnataka nini hapa?" Matambara yakabeba mbegu. Mbuke akaenda kulima kibarua kwa Masunga, safari hii amevaa khanga ya mke wa Masunga.

Mwaka wa tatu Mbuke alikwenda kwa Mtemi mwenyewe.

"Shikamoo, Mtemi."

"Marahaba, mama. Umependeza."

"Nimependeza, na nina njaa. Mtemi, mwaka huu usitazame nguo. Tuite siku mawingu yatakapofunga. Tupange mstari, kisha ukawie kufungua ghala."

"Nikikawia nitapata nini?"

"Mvua itatukuta mstarini. Sisi tusio na ng'ombe, ardhi yetu ni kavu kama sakafu mpaka mvua ya kwanza ilainishe. Siku hiyo mtu wa jembe hawezi kusimama. Tazama nani anakimbilia shamba, umpelekee mbegu na mbolea hukohuko."

"Na kama umekosea?"

"Nitalima kwa Masunga tena. Wa kuumia ni mimi, Mtemi, si wewe."

Mtemi akakubali.

Mawingu yakafunga. Mbiu ikalia. Watu wakapanga mstari, na mbele kabisa alikuwa Masunga. Mtemi akakawia. Akanywa uji. Akatafuta ufunguo. Akaomba uji tena.

Tone la kwanza likaanguka. La pili. La tatu. Kisha mvua ikamwagika.

Mbuke akatoka mbio. Mzee mmoja akatoka. Mama mwenye mtoto mgongoni akatoka. Masunga akapaza sauti, "Anayetoka mstarini asirudi." Wakasita, maana waliitaka mbegu ile sana. Lakini harufu ya udongo uliolowa iliwashinda, wakaenda.

Wakabaki Masunga na wenzake, wameloa na wanacheka. Mtemi akafungua ghala. Wapagazi wakatoka na mifuko, wakawapita.

"Mtemi, wa kwanza ni mimi," akasema Masunga.

"Nakuona. Shamba lako linalimwa na nani sasa hivi?"

"Na vibarua wangu."

Mmesikia? Kasema mwenyewe, kwa mdomo wake. Mtemi akajifunika shuka, akawafuata wapagazi.

Walimkuta Mbuke matope magotini. Alipoutua mfuko mapajani alilia, na hakuona haya kulia. Kisha akanyanyua uso.

"Mtemi, kwa Masunga mmefika?"

"Kufanya nini huko?"

"Kuna watu wanalima la mwenzao na lao limelala. Hawakuja mstarini kabisa. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nilipokushauri nikawasahau."

Mtemi akaenda. Akawakuta wengine wameshika plau, wengine wanapanda nyuma yao. Akawauliza, "Mashamba yenu yako wapi?"

Wakanyoosha mikono. "Kule. Tutakwenda tukimaliza hapa."

"Mwaka jana mlimaliza lini?"

"Hatukumaliza."

Mtemi akawagawia mbegu na mbolea. Mbuke, aliyekuwa amemfuata, akasema, "Waongezee na mahindi ya kula. Mimi mbegu ya kupanda niliipika kila mwaka, nikijua kabisa ninachofanya." Mtemi akaagiza mahindi yaletwe. Wale watu wakaiacha plau mfereji nusu, wakaenda makwao bila kugeuka nyuma.

Masunga alipofika, ameloa chapachapa, alikuta ng'ombe wamesimama na nira shingoni. Akawatazama ng'ombe, ng'ombe wakamtazama yeye. Mvua haikumngoja. Akaishika plau. Mfereji wake ukaenda kulia, ukaenda kushoto, ukarudi ulikotoka.

Mbuke, aliyekwisha kurudi shambani kwake ng'ambo ya mpaka, alikuwa anafukia mbegu zake. Akaegemea jembe.

"Mzee Masunga, pole na kazi. Nikimaliza langu nitakuja kukusaidia. Ila safari hii bei nitaitaja mimi."

Hapa natua mzigo. Anayeutaka aubebe.

Tumeubeba.

Asiyeutaka anipishe nipite.

Pita salama.