Mlango Usiotiwa Chaki

Wapendwa, leo nawapeleka mbali, Uingereza, miaka mia saba iliyopita na zaidi. Msiende kuutafuta mfano huu vitabuni, nimeutunga mwenyewe jana nikichambua mchicha. Ila jambo moja ndani yake ni la kweli: wafalme wa kule, zamani hizo, hawakukaa mahali pamoja. Walizunguka nchi yao, leo mji huu, wiki ijayo mji ule, na msafara mzima nyuma yao. Sasa watu wote hao watalala wapi? Ndiyo maana kulikuwa na ofisa wa kutangulia mbele, mkononi ana kipande cha chaki. Anafika mjini, anachagua nyumba, anaandika mlangoni: hapa mfalme, hapa wapishi, hapa mbwa wa kuwindia. Mlango ukishatiwa chaki, mwenye nyumba hana la kusema.

Basi mtu mmoja aliifanya kazi hiyo. Alianzia chini kabisa, kusafisha zizi la farasi, lakini alijua kusoma na kuandika, na wakati ule waliojua walikuwa wachache. Akapanda, akapanda, mpaka akakabidhiwa chaki. Akaishika miaka thelathini na mmoja. Na alimpenda mfalme wake. Nataka mlishike hilo, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alijua mfalme analala upande gani, na chakula gani kinamsumbua tumbo. Kazi ikiisha, mara nyingine mfalme alimwita wakae wawili tu kwenye moto, wakazungumza.

Lakini aliona pia yanayotokea nyuma ya mlango wenye chaki. Kuni za miezi sita zinateketea kwa siku mbili. Kuku wanaisha bandani. Askari wanapanda kitandani na viatu vyenye matope. Siku moja, katika mji fulani, mama mmoja mjane alimshika ule mkono wenye chaki.

"Baba, nakuomba, nyumba hii iruke. Binti yangu yumo ndani, ameshikwa na uchungu."

Akamjibu, "Mama, amri ni ya mfalme. Mimi ni nani niivunje?"

Yule binti akajifungulia kwenye banda la ng'ombe. Kwenye banda la ng'ombe, wapendwa. Sisemi zaidi hapo.

Ikafika siku ya kustaafu. Mfalme akamwambia, "Omba unachotaka."

"Bwana wangu, sitaki shamba wala cheo. Nataka barua yenye muhuri wako, kwamba mlango wangu hautatiwa chaki maisha yangu yote."

Mfalme akacheka. "Hata chaki ya kunileta mimi?"

"Msafara wako naujua, bwana wangu. Hata hiyo."

Mfalme akaagiza barua iandikwe. Kisha akaweka muhuri.

Mzee wetu akajenga nyumba nzuri, katika mji uleule, ikatazamana na ya yule mjane. Barua akaipigilia mlangoni kwa misumari minne. Watu wakawa wanapita kuusifia muhuri, naye anatoka kuwasalimu. Miaka ikaenda. Akapata ugonjwa wa kifua, akajua kabisa kwamba mwaka huo haumalizi. Akabaki na haja moja tu duniani: amwone mfalme mara moja kabla hajafa, wakae tena wawili kwenye moto.

Na kweli, asubuhi moja mbiu ikapigwa. Mfalme anakuja!

Mzee akafagia. Akaweka viti viwili kwenye moto. Ofisa mpya akaja na chaki yake, mtu ambaye mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Akasimama mlangoni, akaisoma barua, akageuka.

"Wewe, unakwenda wapi? Nyumba ni hii!"

"Mzee, kuna barua."

"Tia chaki. Lakini ya mfalme peke yake. Askari wapeleke kwingine, na wapishi, na wale mbwa."

"Mfalme haji peke yake, Mzee. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Ing'oe barua, nami nitatia chaki. Usipoing'oa, muhuri ni wa mfalme. Mimi ni nani niuvunje?"

Mzee akaitazama barua. Akageuka, akatazama zulia lake, kitanda chake, kuni zake alizozipanga vizuri ukutani. Akasema, "Ngoja kwanza nifikirie."

Ofisa akavuka barabara. Yule mjane akafungua mlango kabla hajabisha. Akasema, "Karibuni. Paa linavuja upande wa kushoto, mfalme alale kulia."

Siku mbili mzee alikaa dirishani akisikia vicheko ng'ambo ya barabara. Siku mbili! Misumari minne inahitaji muda gani? Siku ya tatu farasi wakatandikwa. Mfalme akavuka barabara peke yake, akaja mpaka mlangoni kwa mtumishi wake. Mzee akamwona kupitia ufa wa mlango. Mfalme akainua mkono abishe. Akauona muhuri wake mwenyewe. Akaushusha mkono polepole, akarudi kwa farasi wake.

Mzee alipofungua, barabara ilikuwa tupu. Mjane alikuwa anafagia kizingiti chake, kuku hana hata mmoja, na mlangoni kwake jina la mfalme lilikuwa bado limeandikwa. Hakulifuta.

Sasa tuzungumze sisi. Najua Mungu wetu hali kuku wa wajane, mfano haulingani kila mahali. Lakini niambieni, si tumemwomba barua? Bwana, njoo kwangu, ila yule shemeji mlevi asije. Bwana, kaa nyumbani mwangu, ila wagonjwa wawekwe kwa jirani. Bwana, nakupenda mno, ila Jumamosi yangu usiiguse. Naye ni muungwana kuliko tunavyodhani. Anatupa barua. Kisha tunakesha tukilia, mbona simsikii, mbona hanitembelei? Alikuja, ndugu yangu. Alikuja na watu wake, akakuta muhuri.

Na msidhani nawasema ninyi tu. Mimi mchungaji wenu, miaka kumi na tisa natangulia mbele nawaambia watu wafungue milango. Mnalijua geti langu. Pana kibao: Mbwa Mkali. Wapendwa, sina mbwa. Sijawahi kuwa na mbwa. Nilikiweka mwaka ule watu walipozidi kuja kuomba chakula, na wakaacha kuja, nikashukuru.

Jana, mchicha ukiwa bado mkononi, nilitoka nikakitazama. Kimeshikwa kwa misumari minne. Tukimaliza ibada, nani ana nyundo aniazime?