Nafuu ya Bega la Sikazwe

"Nafuu ya bega lako, uliza sikio la mwenzako." Askari wapya wa wanyamapori waliusikia msemo huo kituoni, wakamuuliza Mzee Nandi, mstaafu wa doria, umetoka wapi. Naye akawasimulia chanzo chake.

Zamani, katika bonde la Rukwa, palikuwa na askari mlenga shabaha aitwaye Sikazwe. Ujanani nyati alimvunja bega, na likaunga vibaya. Kila alipofyatua risasi, teke la bunduki lilimpata palepale penye kovu. Alificha maumivu yake, akihofia kuondolewa doria. Aliyejua ni mmoja tu, Kapele, msoma nyayo aliyetembea naye miaka yote, kwa kuwa alimwona akikunja uso.

Siku moja fundi wa silaha alileta vifaa vitatu vya kufungwa mdomoni mwa mtutu, askari wavilinganishe. Cha kwanza kilificha mwali wa moto, ila bunduki ilipiga teke lilelile. Cha pili kilikuwa kiwambo cha sauti. Kilituliza mlio na kupunguza teke kidogo, lakini kilikuwa kirefu na kizito kubeba porini. Cha tatu kilikuwa na matundu ubavuni, ya kutolea moshi na kishindo pembeni. Sikazwe alipokijaribu, bunduki ilitulia begani kama mtoto aliyelala. Akafyatua tena, akacheka.

Akamgeukia Kapele, aliyesimama kando yake, kumuuliza anaonaje. Masikio ya Kapele yalikuwa yakivuma kama mzinga wa nyuki. Lakini alimtazama rafiki yake, akamwambia achukue hicho.

Masika yakapita, na kiangazi. Tembo waliposhuka kwenye mahindi ya wanakijiji, Sikazwe alipiga risasi hewani kuwafukuza, na Kapele alikuwa ubavuni mwake daima. Polepole Kapele akawa haitiki akiitwa, au anajibu lisiloulizwa. Sikazwe aliona anadharauliwa. Wakaanza kutembea bila mazungumzo.

Ndipo wakatumwa kumfuata nyati aliyejeruhiwa na mtego. Kapele alitangulia, macho kwenye nyayo. Sikazwe akasikia pumzi nzito kichakani, akanong'ona, "Simama." Kapele akaendelea. Akamwita kwa sauti; Kapele akaendelea. Nyati akatoka. Sikazwe aliruka, akamsukuma mwenzake chini, akafyatua risasi mnyama akiwa karibu kuwafikia. Nyati akaanguka.

Sikazwe akamwinua mwenzake kwa hofu na hasira. Akamshika Kapele uso, akamgeuza amtazame.

"Kwa nini hukusimama?"

"Sikukusikia."

"Tangu lini husikii?"

"Tangu tulipoanza kutumia kifaa hicho. Kila risasi inachukua kidogo."

"Na ukanyamaza, ndugu yangu?"

"Ulikuwa umeacha kukunja uso," Kapele akasema. "Nilidhani masikio yatazoea."

Waliporudi kituoni Sikazwe alimpa Kapele bunduki, akaenda kusimama kando, pale ambapo mwenzake alisimama siku zote, akamwomba afyatue. Kishindo kilimpiga kichwani kama kofi, akapepesuka. Vile vifaa alivilinganisha kwa bega lake tu. Upande wa pili hakuwahi kusimama hata mara moja.

Akakifungua kile kifaa kwa mkono wake, akaenda kumweleza mkuu wa kituo habari za bega alizozificha. Hakufukuzwa. Alipewa kiwambo, akakibeba na uzito wake. Sikio la kushoto la Kapele halikupona tena, na Sikazwe alitembea upande wake wa kulia hadi walipostaafu.

Tangu hapo, kila askari aliyesifia jambo kwa kuwa limemfaa yeye, Sikazwe alimtazama kwa upole, akamwambia: nafuu ya bega lako, uliza sikio la mwenzako.