Vilivyo Bora Kabisa

Mafundi wote wa kompyuta mjini Tanga walimjua Mzee Shebughe. Huomba orodha ya vifaa, huahidi kuundiwa kompyuta hapo hapo, kisha huvinunua kwingine na kujiundia mwenyewe.

Siku alipoingia dukani kwa Mwanaidi, alisema, "Niandikie kilicho bora kabisa katika kila kifaa, mwanangu. Duka nimeshachagua, ni hili lako."

Mwanaidi akamwandikia kama alivyotaka, na soda akampa.

Wiki ya pili mzee alirudi na boksi la vifaa alivyonunua kwingine, jasho likimtiririka. "Hakuna kifaa kinachoingia kwenye mwenzake."

"Lakini kila kimoja ni bora?"

"Ni bora."

"Ndicho ulichoniomba, mzee. Wake zako watatu nao ni wema wote. Mbona umewajengea nyumba tatu?"