Upepo wa Kurudi Kutoka Mtinko

Chawa ni mdudu mdogo kuliko punje ya uwele. Hana pembe, hana sumu, wala hana mbio. Hata hivyo, mwanamume wa kubeba gunia begani akitaka kumvunja kwa kidole kimoja atahangaika mpaka achoke, kwani chawa atateleza huku na huku kama anayecheza. Kilete kidole cha pili, kucha kwa kucha, na kazi imekwisha. Hapo ndipo wazee walipopata kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii humkanya mtu anayedhani kwamba kwa kuwa yeye ni hodari, basi wenzake kazi yao ni kumtazama tu. Yaliyomkuta Emilian wa Utemini yanaithibitisha.

Emilian alikuwa mtu wa makamo, mwenye mvi chache na tumbo lililoanza kutangulia mkanda. Aliuza mafuta ya alizeti katika duka lake mtaani Utemini, mjini Singida. Enzi za ujana wake alikuwa akibeba matenga ya kuku kwa baiskeli kutoka vijijini hadi mjini, peke yake, na sifa zake zilivuma. Watu walisema Emilian akipita, unaona vumbi tu, mwenyewe ulishamkosa. Baadaye akapata duka, akanunua pikipiki, na ile baiskeli ikawa kitulio cha kuku uani.

Mambo yaligeuka siku alipopimwa presha hospitalini. Aliambiwa apunguze chumvi, apunguze kukaa, aufanyishe mwili kazi. Basi akawafukuza kuku, akaipeleka baiskeli kwa fundi, ikarudi inang'aa kama sufuria ya arusi. Mkewe Febronia hakutaka aende barabarani peke yake na presha yake, akaamua kujifunza kuendesha. Mtaa mzima ulicheka. Mama wa kwaya, mwenye mabinti wakubwa, ananing'inia kwenye baiskeli kama nguo iliyoanikwa! Alianguka kwenye ua wa minyaa wa jirani, akainuka, akajipangusa, akapanda tena. Alizeti zilipoanza kuchanua mwaka ule, Febronia alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unazuia khanga isipeperuke.

Mabinti zao wawili nao hawakukubali kuachwa. Luciana, aliyekuwa fundi cherehani, alinunua baiskeli yake. Yasinta, aliyekuwa sekondari, alinunuliwa. Ikawa kila Jumapili baada ya ibada wanne wale wanatoka, wanapita kando ya ziwa, wanakatiza kwenye majabali yale makubwa yaliyokaa kama ng'ombe waliolala, wanarudi jioni na vumbi la kutosha kupandia mtama.

Febronia alizipenda Jumapili zile kuliko alivyoweza kueleza. Kwa miaka mingi duka lilikuwa limemmeza mumewe. Siku za kazi Emilian alikula akiwa ameinamia simu, akajibu kwa kuguna, akalala. Lakini Jumapili, juu ya baiskeli, alikuwa mtu mwingine. Alicheka. Aliimba. Aliwategea vitendawili.

"Kitendawili."

"Tega."

"Farasi wangu hali majani wala hanywi maji. Akichomwa na mwiba, mimi ndiye ninayechechemea."

"Baiskeli, baba. Huyo hata mtoto wa chekechea anamjua," Yasinta alijibu, na baba yake akacheka mpaka usukani ukayumba.

Sheria ilikuwa moja tu. Emilian ndiye aliyetangulia. Alilelewa hivyo. Kwao, mwanamume akitembea na watu wa nyumbani mwake hukaa mbele, ili kama kuna nyoka au mwiba amkute yeye kwanza. Ni desturi njema, iliyowakinga wengi. Kwa hiyo hata alipochoka na kwenda mwendo wa kinyonga, hakuna aliyethubutu kumpita. Walipunguza mwendo, wakamfuata kwa adabu.

Mavuno yalipokwisha, Bibi Martha, mama yake Emilian aliyeishi Mtinko, alituma salamu kwamba anataka kuwaona wajukuu. Urbano, mdogo wake Emilian aliyekuwa na pikapu ya kubebea kuku, akapiga simu na kusema atakuja kuwachukua. Emilian akamjibu kuwa wote wanne watakwenda kwa baiskeli. Urbano alicheka kicheko kirefu, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu, nyumba nzima ikasikia. Akasema kaka yake amesahau umri wake, kwamba siku hizi yeye ni mwendesha droo ya duka, na kwamba atawaokota njiani kama kuni.

Maneno hayo yalimchoma Emilian kama pilipili kwenye kidonda. "Nisikilize vizuri," alisema. "Nikirudi hapa ndani ya gari lako, baiskeli zote nne zitatundikwa stoo. Hakuna mtu wa nyumba hii atakayepanda tena."

Mwiko wa Febronia ulisimama ndani ya sufuria. Alimjua mumewe. Emilian akishatamka neno mbele ya ndugu zake, halirudi. Na kama zingetundikwa, basi zingetundikwa pamoja na Jumapili zake.

Jumamosi waliondoka asubuhi. Upepo wa Singida, ambao kiangazi huvuma kana kwamba umekodiwa, uliwapiga mgongoni. Khanga ya Febronia ilipepea mbele kana kwamba inawaonyesha njia. Pedali zilizunguka zenyewe. Emilian aliwaongoza kifua mbele, akawaamkia wazee wa njiani kwa sauti ya kijana, na walipoingia Mtinko hata jasho halijamtoka vizuri, alishuka kwa kuruka.

Bibi Martha alipiga vigelegele. Wajukuu wakampa shikamoo, wakapakatwa kana kwamba ni watoto wachanga. Walikula kuku, ugali wa uwele na mlenda. Wakati wa kunawa mikono Urbano alimpongeza kaka yake, kisha akaongeza kuwa asijisifu sana, kwani leo ameletwa na upepo, na kesho upepo hautakuwa nyuma.

"Upepo haukanyagi pedali," Emilian alisema. "Miguu ndiyo inakanyaga."

Kesho yake, baada ya ibada, waliaga. Bibi Martha alitoa zawadi, kama ilivyo ada, maana mtoto haondoki kwa mama yake mikono mitupu. Alitoa kiroba cha unga wa uwele, boga kubwa na tetea mnene. Luciana alinyoosha mkono achukue kuku, baba yake akamzuia. Zawadi ya mama hubebwa na mwana aliyepewa, alisema. Akafunga kiroba na boga kwenye keria yake, akamning'iniza kuku kwenye usukani, akatangulia.

Hawakwenda mbali wakajua kuwa Urbano hakuwa ametania. Upepo ulikuja usoni, mkavu, umebeba mchanga. Ulipita mashambani ambako mabua yalikuwa yameshakatwa, hapakuwa na cha kuuzuia. Emilian aliinama juu ya usukani, akakanyaga. Baiskeli ilisogea kama inayovuta jiwe. Kuku naye alitanua mabawa, akawa tanga la kuvuta nyuma. Vitendawili vilikoma. Nyimbo zilikoma. Kilichosikika ni nyororo ikilia na baba wa watu akihema.

Febronia alikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kuhesabu nyuzi za kiraka kwenye shati lake. Hapo ndipo alipoona ajabu. Yeye hakuwa amechoka. Upepo ule ule uliokuwa ukimkunja mumewe ulimpitia yeye pembeni kidogo tu. Alipojaribu kutoka kando ya mgongo ule, ulimpiga kofi la uso. Aliporudi nyuma ya mgongo, ukatulia. Akageuka, akawaona mabinti zake wanakuja wamejipanga, wanaongea taratibu kama walioketi jikoni. Febronia akaelewa, na moyo ukamuuma. Mtu mmoja alikuwa anapigwa kwa niaba ya wanne.

Angemwambiaje? Kumwambia mwanamume akae nyuma ya mkewe, hadharani, kwenye njia ya kwao, ambako kila mpita njia ni binamu au shemeji, ni jambo zito. Akaendelea kukanyaga. Kisha baiskeli ya mbele ikayumba, boga likateleza, na Emilian akashuka. Alishika usukani kwa mikono miwili, macho mekundu, miguu inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo.

Wakati huo huo pikapu ikaja nyuma yao polepole, imebeba kuku wa kupeleka mjini, ikasimama. Urbano alichungulia dirishani. Safari hii hakucheka. Alimwona kaka yake anavyohema, akashuka, akafungua bodi la nyuma.

"Panda, kaka," alisema. "Presha haina utani. Hakuna atakayekusema."

Emilian alitazama bodi lile lililo wazi. Alitazama baiskeli yake. Luciana na Yasinta nao walikumbuka kiapo. Emilian aliinua mkono kuanza kufungua kamba ya kiroba, na Febronia akajua kwamba asiposema sasa, hatasema tena.

"Baba Luciana," alisema, si kwa sauti ya juu, "tangu tumetoka kwa mama, mimi sijatoka jasho."

Emilian alimgeukia kama aliyetukanwa. "Unanicheka?"

"Sikucheki. Nakuambia nilichokiona. Upepo wote unaishia kifuani kwako. Sisi tumejificha mgongoni mwako kama vifaranga, tunaongea habari za kushona nguo. Umekuwa ukuta wetu. Mbona hutaki sisi tuwe ukuta wako?"

"Nikae nyuma yako, watu wananitazama?"

"Hapa una njia mbili. Ukae nyuma yangu, au ukae nyuma na kuku wa Urbano."

Urbano alikohoa, akageukia upande mwingine kutazama mashamba. Febronia akashika kile kiroba cha unga.

"Hicho nimepewa mimi," Emilian alisema.

"Mama alikupa ukale na nani?"

"Na ninyi."

"Basi kama ni wetu wa kula, ni wetu wa kubeba."

Neno hilo halikuwa na mlango wa kutokea. Emilian aliachia kamba. Unga ukaenda kwa Febronia, boga likaenda kwa Luciana, na tetea akakabidhiwa Yasinta, ambaye alimfunika khanga asitanue mabawa tena. Emilian akabaki na baiskeli tupu na aibu yake. Akasema kwa shingo upande kuwa atajaribu, mpaka kwenye jabali lile la mbele tu, na asipoona tofauti atapanda gari.

Febronia alitangulia. Aliinama, akakaza miguu, akaupasua upepo kama jembe linavyopasua udongo mkavu. Emilian akajisogeza nyuma ya mgongo wa mkewe, na mara ikawa kama mtu aliyeingia ndani na kufunga mlango. Kelele masikioni zilikoma. Mchanga ulikoma kumpiga. Pedali zililegea. Alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu Mtinko. Walifika kwenye jabali, wakalipita, na hakuna aliyekumbuka kulisemea.

Febronia alipochoka alipunga mkono, akasogea kando, Luciana akapita mbele naye akarudi nyuma kupumzika. Luciana alipochoka, Yasinta akachukua zamu, mwembamba lakini mkaidi kama mbuzi. Na walipofika kwenye ile miinuko ya kuingia mjini, Emilian, ambaye sasa miguu yake ilikuwa imepata nguvu tena, alipiga kengele na kuomba zamu yake. Hakuiomba kwa kuwa yeye ni baba. Aliiomba kwa kuwa alikuwa amepumzika. Aliwavuta mpaka juu, kisha, bila kuambiwa na mtu, akasogea kando akampisha mwanawe. Huko nyuma, kati ya pumzi na pumzi, kitendawili kikategwa.

Pikapu iliwafuata kwa umbali kipande kirefu. Mwisho Urbano aliona hakuna cha kuokota, akawapita, akaenda kushusha kuku wake. Walipoingia mtaani Utemini jua likiwa limeanza kulegea, walimkuta ameshafika, ameketi barazani kwao pamoja na majirani, kikombe cha chai mkononi. Bila shaka alikuwa ameshawasimulia. Mbele alikuwa Yasinta na kuku wake, nyuma yake mama yake, kisha Luciana. Emilian alikuwa wa mwisho, anatabasamu.

Majirani walitazamana. Urbano hakuweza kujizuia.

"Kaka, kumbe siku hizi wewe ndiye mkia? Ulituambia utarudi kwa miguu yako, tunaona umevutwa na wanawake."

Febronia alisimama na baiskeli yake, kiroba bado kiko kwenye keria. Alimwangalia mumewe. Mtu aliyefedheheshwa mbele ya majirani anaweza kufanya lolote, hata kuzitundika baiskeli ingawa hakupanda gari.

Emilian aliegemeza yake ukutani taratibu, akajipangusa vumbi usoni.

"Nimerudi kwa miguu yangu, Urbano," alisema. "Yote minane. Ile miwili niliyokuwa naringia, upepo uliimaliza kabla ya nusu ya njia. Wewe mwenyewe uliniona."

Hapakuwa na wa kumcheka mtu aliyekwisha kujisema mwenyewe. Jirani mmoja alimsogezea kiti. Urbano akamimina chai kikombe cha pili, akampa kaka yake kwa mikono miwili.

Emilian alikunywa, akashusha kikombe, akamgeukia mkewe. Aliuliza kama anayeuliza habari ya kawaida, lakini majirani wote wakasikia.

"Mama Luciana, Jumapili ijayo twende upande gani?"

Febronia alifungua kamba, akashusha unga wa mama mkwe, akakaa juu ya kiroba hicho hicho na kunyoosha miguu yake iliyochoka. Alisema kuwa watakwenda upande wowote, hata kule upepo unakotoka, ilimradi kila mtu apewe zamu yake mbele. Na walikwenda, Jumapili ile na nyingine nyingi, wakibadilishana uongozi wa njia kama watu wanaopokezana mtoto mzito. Basi mwenye nguvu asiringe, na mwenye nguvu kidogo asijidharau, kwani upepo wa njia ya Mtinko umeshatoa hukumu: kidole kimoja hakivunji chawa.