Kiboko wa Ukutani

Palikuwa na Sultani, huko Kipandeni, aliyemwona kiboko akadhani ni yeye.

Kiboko mwenyewe alikuwa wa mkaa. Alichorwa kwenye ukuta wa darasa la Mwantumu, mwalimu maskini aliyekuwa na kanga mbili na ulimi mmoja, na huo ulimi ndio uliokuwa ukimponza. Siku hiyo alikuwa akifundisha wanyama wa mtoni, na watoto wa Kipandeni hawajapata kuona mto. Sultani alikuwa akipita ndani ya machela yenye mapazia, maana hakupenda jua wala kutazamwa. Akasikia watoto wanacheka. Akasogeza pazia kwa kidole. Akaona tumbo, akaona vijicho, akaona mahali ambapo shingo ilipaswa kuwa. Hakuna aliyemwambia ni nani. Alijijua.

Sasa, jamani, Sultani hawezi kusimama barazani akasema, "Nimefanana na kiboko." Ikabidi Waziri wake, Jabu, aitafutie hasira hiyo sababu ya kielimu. Kesho yake mpiga mbiu akatangaza mfumo mpya: mtoto atafundishwa kwa sikio tu. Picha zinamfanya mvivu wa kufikiri. Hakuna kuchora, hakuna kuleta kitu darasani, hakuna hata kunyoosha kidole. Mwalimu aseme, watoto waitikie. Waziri akatunga na somo la kwanza, "Sultani Wetu", akaagiza lisiongezwe neno wala lisipunguzwe. Watoto wakishindwa kulikariri mbele ya Sultani, darasa litafungwa na Mwantumu atahama mji.

Mwantumu akamwendea Waziri. Akauliza, akifundisha papai, asilete papai? Waziri akasema alisimulie. Akauliza kama anaweza kuwaambia watoto walau rangi ya kilemba cha Sultani, kwa kuwa hawajawahi kumwona. Waziri akamkumbusha agizo: neno lisiongezwe.

"Sawa," akasema Mwantumu. "Basi nina ombi moja. Wakishamaliza kukariri, waambiwe wakambusu mkono Sultani wao. Hapo ndipo mtajua kama wameelewa."

Waziri akaona hiyo ni heshima nzuri. Akakubali.

Siku ya mtihani jua lilikuwa kali. Watoto walifika ikulu wakitoka jasho, vumbi hadi magotini. Wakubwa walikuwa wamekaa uani safu moja, viti sawa, wote majoho, wote vilemba, wote matumbo. Mmoja wao akafoka kwamba watoto wanachafua zulia, na nani aliyewaruhusu kukanyaga hapo. Huyo aliyefoka ndiye aliyekuwa Sultani, lakini nani awaambie? Bawabu wa mlangoni, Mzee Feruzi, akawasogeza kivulini. Akawachotea maji mtungini, na yule mdogo kuliko wote, mzee mwenyewe akamshikia kata mpaka mtoto akashiba.

Kisha wakakariri, kwa sauti moja, bila kukwama: "Sultani wetu ni mpole. Sultani wetu ana huruma. Hapandishi sauti. Mwenye kiu humnywesha kabla hajaomba. Ukimwona tu, utamjua."

Waziri akatabasamu, akawaambia waende wakambusu mkono Sultani wao.

Msichana mmoja, Riziki, akawatangulia wenzake. Akapita mbele ya safu akitazama uso mmoja mmoja, midomo ikitembea, akilinganisha na somo. Alipofika kwa Sultani alisimama. Akamtazama vizuri. Akatikisa kichwa, akapita. Safu ikaisha. Akageuka, akaona mlango, uso ukamng'aa. Darasa zima likamfuata, likampigia magoti Mzee Feruzi na kumbusu mkono, huku mzee wa watu bado ameshika kata.

Sultani akasimama.

"Mwalimu, hawa umewafundisha nini?"

"Somo la Waziri, Mtukufu. Kuna neno waliloacha?"

Waziri akakiri hakuna.

"Waliloongeza?"

Hakuna.

"Basi mbona wamembusu bawabu wangu?"

"Walimtafuta mpole, mwenye huruma, anayewanywesha wenye kiu. Wamempata. Kama siye, Mtukufu, kosa liko kwenye somo."

Waziri akadakia hapo hapo kwamba somo halina kosa, kila neno ni kweli tupu.

"Kama somo ni kweli," akasema Mwantumu, "watoto wamefaulu, na Mzee Feruzi aletewe kiti. Kama watoto wamefeli, somo ni la uongo, na aliyelitunga huyu hapa. Mtukufu achague."

Sultani akakitazama kiti chake. Akamtazama bawabu. Akamtazama Waziri, ambaye alikuwa ameanza kuchunguza viatu vyake mwenyewe. Hakuna kilichompendeza. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo, kama hakuna njia nyingine.

"Ipo, Mtukufu. Somo libaki kweli, na watoto wawe wamefaulu. Walichokosa ni kuona tu. Nirudishie mkaa wangu, niwachoree uso wako, wasikukose tena."

Sultani akamkumbuka kiboko. Akashusha pumzi. Akaamuru mbele ya wote kwamba mkaa urudi ukutani, picha zirudi darasani, na papai pia. Kisha akajiweka sawa kitini, kidevu juu, na sura yake ile ile ya kila siku, imekunjwa kama nguo ya sandukuni.

"Lakini nisikilize, mwanamke. Unichore kama somo linavyosema. Mpole, mwenye huruma, uso unaocheka."

Mwantumu alikuwa ameshashika mkaa. Akamtazama. Akangoja. Akamtazama tena.

"Basi anza, Mtukufu. Mimi siwezi kuchora cha kusimuliwa."