Mdudu wa Buluu Sahanini

"Sahani ya jirani hairudi tupu." Mmeisikia kwa shangazi yenu asubuhi, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, sogeeni. Ilianza hivi, tena ilianza kwa ugomvi.

"Sahani ni yangu, na kilichomo ni changu!"

"Na chakula je? Ulikipika wewe?"

Walikuwa Bi Mwantumu na Bi Riziki, majirani wa ukuta mmoja pale Makorora, Tanga. Kila mmoja kashika ukingo wa sahani ya bati, na mtaa mzima umetoka nje. Hakuna aliyetaka kuja kuhadithiwa.

Kachero Mhina alikuwa akipita na begi lake kuelekea stesheni. Wiki tatu amewasaka wezi wa hazina ya Misri ya kale, vitu arobaini vya wafalme waliokufa zamani za zamani. Kapekua maghala, kahoji makuli, hola. Mkubwa wake kampelekea simu: rudi, kazi atapewa mwingine. Na jioni ile ile meli ya kuitorosha hazina ingeng'oa nanga. Hazina ikishapakiwa, haionekani tena. Mhina akasimama kutazama ugomvi, maana aliyeshindwa hana haraka.

"Mama zangu, mnagombania nini?"

"Afadhali umekuja, tuamue!" akasema Bi Riziki. Akaeleza kwamba nyumba ya tatu wamehamia wanaume watatu. Hawatoki, hawasalimii, jikoni kwao hakufuki moshi. Yeye akaona si utu, akawapelekea bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa. Sahani aliazima kwa Bi Mwantumu, maana zake zote zilikuwa mbele ya wageni.

"Nikamwambia, unawalisha watu usiowajua hata majina!" Bi Mwantumu akadakia. "Akaniona mie nina roho mbaya."

"Sasa sahani imerudi na nini?"

Bi Riziki akafumbua kiganja. Mdudu mdogo wa udongo, wa buluu, anang'aa kama katoka dukani jana, na tumboni kachorwa ndege na macho.

Mhina akalitua begi chini. Mdudu yule alikuwa kwenye orodha yake, namba kumi na saba.

"Nani kairudisha?"

"Yule mrefu, mtu wa Pangani kwa usemi wake. Kaileta kwa mikono miwili. 'Shikamoo mama, usituone wabaya, ndani hamna hata embe. Pokea hiki, wajukuu wachezee.'"

Mhina akamtuma kijana mmoja mbio akaite askari. Akawaomba wasiache kugombana, tena wapaze sauti, ili kule nyumba ya tatu wasishtuke. Hilo halikuwa na taabu! Mpaka adhuhuri askari wameshaizingira nyumba, na vitu thelathini na tisa vimetolewa ndani ya magunia ya katani, salama, hata kimoja hakijavunjika.

Wezi wawili walikuwa wakimlaani mwenzao tangu mlangoni.

"Mbaruku, ulirogwa? Mali ya wafalme unaitia kwenye sahani ya bada!"

"Ningefanyaje?" Mbaruku akajibu, pingu mikononi. "Nirudishe sahani ya watu tupu? Mama yangu angefufuka anichape. Wizi nimejifunza ukubwani, haya nimenyonya."

Mtaa ukaangua kicheko. Mhina naye akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Safari ya aibu imekufa. Kesho atarudi na vitu arobaini, na wafalme watarudishiwa vyao.

Bi Mwantumu peke yake hakucheka. Alimtazama jirani yake, akamtazama yule kijana mrefu aliyeinamisha kichwa, kisha akaiachia sahani.

"Riziki, nilikosea," akasema. "Sahani ya jirani hairudi tupu, hata ikienda kwa mwizi." Akasukuma mlango wake ukafunguka wote. "Kachero, gereza halihami. Wali umeiva. Ingieni nyote, na huyo mwenye haya zake mketisheni karibu na sinia."